Mawe ya Mzee Ndani ya Vidaka: Uchambuzi wa Kisa cha Sebule Moja Bagamoyo

Nyumba iko Mji Mkongwe wa Bagamoyo, karibu na ufukwe. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha nusu mita, na dari limebebwa na boriti za mikoko. Mwenye nyumba ni mjane wa mjiolojia aliyeitumikia serikali maisha yake yote ya kazi. Ofisi ya mzee ilikuwa Dodoma, lakini alifika Longido, Morogoro, Lindi, Manyoni na kwingine kwingi, na kila alikopita aliokota jiwe, akalipa namba, akaliandika. Alipostaafu alirudi kwao pwani na masanduku ya mbao yaliyojaa. Alipofariki, masanduku yakasukumwa chini ya ngazi na juu yake yakapangwa madumu ya maji.

Aliyeamua yatoke ni binti yake anayeishi Dar es Salaam, na ndiye aliyenipa kazi hii. Alitaka sebule ipangwe upya, mawe ya baba yakae pamoja na picha na vinyago vya familia. Kaka yake, anayefanya kazi Muscat, alisikia habari hizo akatuma mzigo wake: visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, alivyonunua huko kwa miaka kadhaa. Mama mwenyewe alikuwa na sharti moja, akanipa siku ya kwanza nilipokwenda kumwamkia: "Mwanangu, hapa ni nyumbani. Nataka mgeni akae, anywe chai yake. Sitaki atembezwe kama yuko makumbusho."

Sharti hilo liliisaidia kazi kuliko michoro yote. Watu wengi wenye mawe mazuri huyafungia kwenye kabati la vioo, safu kwa safu, na mgeni huyatazama mara moja kwa adabu, basi. Kwa maoni yangu jiwe likae nyumbani kama picha inavyokaa, yaani lipewe ukuta wake, mwanga wake na jirani wa kuzungumza naye. Ila kabla ya kufika kwenye uzuri ilibidi kwanza tujue tuna nini mikononi, na kipi kinaruhusiwa kukaa humo.

Daftari kabla ya jiwe

Kilichoniokolea kazi hii ni daftari. Mzee alikuwa na tabia ya wajiolojia wa zamani: kila kipande kilipakwa doa dogo la rangi nyeupe upande usioonekana, juu yake namba kwa wino mweusi, na namba ile ile ikaandikwa daftarini pamoja na mahali, mwaka na maneno machache. Jiwe lisilo na mahali pake ni jiwe zuri tu. Likiwa na mahali, ni habari.

Kwa hiyo amri ya kwanza kwa kila aliyegusa masanduku ilikuwa kutoosha. Binti alishaandaa beseni la maji ya sabuni, na mpishi akaleta limau, maana ndilo analosugulia vyombo vya shaba. Limau lingeleta hasara kubwa. Malakiti, chokaa, matumbawe na visukuku vingi vya baharini ni kabonati, na asidi yoyote, hata ya limau au siki, hula uso wake na kuutoa mng'aro. Tulitumia brashi laini ya rangi, kavu, na kitambaa. Mawe magumu ya kwazi tu ndiyo yaliyopata maji, nayo yalikwepeshwa pale penye namba.

Tulipomaliza kulinganisha daftari na masanduku, palikuwa na vipande zaidi ya 100. Vingi vilikuwa mawe ya kazi, graniti na naisi za kijivu zenye maana kwa mjiolojia kuliko kwa mgeni. Vilivyobaki vilitosha kumfanya mtu akae chini: malakiti ya Kolwezi, Kongo, yenye mistari ya kijani ndani ya kijani, zoisaiti ya Longido, jiwe la kijani lenye madoa meusi na yakuti nyekundu zimejikita ndani yake, vitabu vya ulanga kutoka milima ya Uluguru, vinavyofunguka karatasi kwa karatasi, amethisti ya Zambia aliyopewa na rafiki, magadi yaliyoganda kama barafu chafu, na amonaiti ndogo ya rangi ya dhahabu, kisukuku cha ganda lililojikunja la mnyama wa baharini, zawadi ya mwenzake wa Ujerumani.

Kulikuwa pia na vitu vitatu ambavyo niliwaambia siku hiyo hiyo kwamba haviendi ukutani.

Vitatu vilivyowekwa kando

Cha kwanza kilikuwa kopo la bati limeandikwa "Manyoni", ndani yake udongo mgumu wenye ukoko wa manjano. Eneo la Manyoni na Bahi linajulikana kwa urani, madini yanayotoa mionzi, iliyo karibu na uso wa ardhi. Kopo halikufunguliwa tena. Lilifungwa kwenye mfuko, likatolewa ndani ya nyumba, na familia ikawasiliana na Tume ya Nguvu za Atomu. Aliyerithi mawe ya mjiolojia au mchimbaji afikirie jambo hili kabla ya kuruhusu watoto wachambue sanduku, na vivyo hivyo kwa mawe yenye nyuzi nyuzi zinazopukutika, kwa sababu ya asbesto.

Cha pili kilikuwa tanzanaiti ghafi, fuwele moja yenye urefu wa kidole gumba ikiwa bado kwenye mwamba wake. Tanzanaiti inachimbwa Mirerani tu, chini ya Kilimanjaro, na tangu ukuta ujengwe kuzunguka machimbo mwaka 2018 kila kinachotoka kinatakiwa kuwa na karatasi. Madini ghafi ya thamani bila karatasi ni matatizo, hata kama aliyeyaacha alikuwa mtumishi mwaminifu. Daftari lilionyesha jiwe hilo liliingia miaka mingi kabla ya ukuta. Hiyo ni hoja nzuri, lakini si kibali. Familia ililipeleka suala hilo kwa afisa madini na kipande kikasubiri.

Cha tatu ndicho kilichochukua muda wetu mwingi, na ndicho kilichozaa sehemu ninayoipenda kuliko zote katika sebule ile. Kilikuwa kipande cha mfupa kilichogeuka jiwe, kahawia iliyoiva, kizito, chembe za mchanga mwekundu zimeng'ang'ania upande mmoja. Daftari lilisema neno moja tu la mahali: Lindi.

Anayesikia Lindi na mfupa wa jiwe hukumbuka Tendaguru. Kilima hicho kiko bara ya mji wa Lindi, na miamba yake ina mabaki ya dinosaria walioishi kiasi cha miaka milioni 150 iliyopita. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale kwa mikono ya mamia ya Waafrika, na msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, mtu ambaye jina lake lastahili kujulikana na kila mwanafunzi wetu. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa kwa vichwa na mabega hadi bandarini Lindi, zikapakiwa melini. Mnyama mkubwa kuliko wote aliyetoka pale amesimama leo katika makumbusho ya Berlin, urefu wa mita 13 na zaidi kutoka sakafuni hadi utosini.

Sikuwa na uwezo wa kusema kwamba kipande cha mzee kilitoka kilima kile kile. Haikuhitajika. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda visukuku kama inavyolinda vitu vya kale vilivyotengenezwa na binadamu, na anayekutana navyo anapaswa kutoa taarifa. Binti alinyamaza, kisha akauliza kama hatuwezi kukiweka kimya kimya, kwa kuwa ni cha baba. Namwelewa. Lakini nilimwambia ninachokiamini: nchi ambayo mifupa yake iko ughaibuni kwa tani haiwezi kumudu kupoteza hata kipande kimoja kwenye kabati la mtu, na baba yake, aliyeandika mahali pa kila jiwe, alikuwa akikiandikia mtu mwingine atakayekuja kusoma.

Mama ndiye aliyekata shauri. Akasema kiende, ila apate kumbukumbu. Kabla ya kukabidhiwa, tulimwita kijana mchoraji aliyesoma chuo cha sanaa pale pale Bagamoyo. Alikaa na mfupa mezani karibu na dirisha, akauchora kwa mkaa kwenye karatasi nzito, ukubwa wake halisi, pande mbili: upande wa nje uliolainika, na upande wa mchanga ambako tundu za mfupa zinaonekana kama sega. Nilimwomba asirembe. Alichora hata namba ya mzee kwenye doa lake jeupe. Mfupa ukaenda pamoja na nakala ya ukurasa wa daftari, mchoro ukabaki.

Chumba chenyewe kinasema nini

Nyumba za mawe za pwani zina kanuni yake. Boriti ya mkoko haiwi ndefu sana, kwa hiyo vyumba huwa virefu lakini vyembamba, upana wake chini ya mita 3. Sebule hii ilikuwa hivyo. Maana yake ni kwamba ukitundika picha kubwa kwenye ukuta mrefu, hakuna mahali pa kurudi nyuma uitazame, unaipita ubavuni. Picha kubwa inataka ukuta mfupi wa mwisho, unaouona tangu mlangoni. Ukuta mrefu unafaa vitu vinavyotazamwa kwa karibu, umbali wa mkono, na hakuna kitu kinacholipa kwa karibu kama jiwe.

Na ukuta huo mrefu ulikuwa tayari na vidaka. Wenyewe waliojenga nyumba hizi walijua kuonyesha kitu. Kidaka kimezama ndani ya unene wa ukuta, kwa hiyo kitu hakijitokezi njiani kikaangushwa na kiwiko. Pembe zake zina kivuli, kwa hiyo kitu kilichomo kinaonekana kimechomoza. Na weupe wa chokaa unarudisha mwanga taratibu bila kumeta. Mabibi zetu waliweka humo sahani za Kichina, vitabu na chetezo. Hapa vidaka vilikuwa vimejaa maua ya plastiki, rimoti, dawa za mbu na saa mbili zilizokufa. Tuliviondoa vyote, fundi mwashi akavipaka chokaa, na kabla hatujaweka jiwe hata moja chumba kilikuwa kimebadilika.

Binti alikuwa amekuja na picha za simu zenye rafu za vioo na vipande vya taa vinavyobadilika rangi, zambarau, kijani, buluu. Hapo hatukukubaliana, na sikulegeza. Mwanga wa rangi unaongopa juu ya jiwe. Malakiti chini ya taa ya kijani haina tena mistari, ni donge la kijani. Ukitaka kuheshimu rangi ambayo shaba imeifanya ndani ya mwamba kwa muda mrefu, iangazie kwa mwanga mweupe wa joto kidogo, wa balbu inayoonyesha rangi kwa usahihi. Kwenye boksi tafuta alama ya CRI iwe 90 au zaidi.

Jirani wa kila jiwe

Sasa upangaji. Watu wengi huanza kwa kulinganisha rangi: picha ya kijani, jiwe la kijani chini yake. Binti naye alitaka malakiti ikae chini ya picha kubwa ya familia, ubao wa mraba wa mtindo wa Tingatinga wenye kanga wawili juu ya kijani kinachong'aa. Mtindo huo, alioanzisha Edward Saidi Tingatinga Dar es Salaam mwaka 1968, ni wa rangi za mafuta zinazometa, na una sauti kubwa. Malakiti nayo ina sauti kubwa. Ukiweka wawili wanaopiga kelele pamoja husikii hata mmoja. Tulijaribu mbele yake, akaona mwenyewe: mistari ya jiwe ilipotea na kijani cha picha kikaonekana cha bei rahisi.

Picha ya kanga ikaenda ukuta mfupi wa mwisho, peke yake, na mbele yake juu ya kiti cha mbao cha kienyeji kilichokuwa cha bibi pakawekwa jiwe moja tu, donge la kwazi jeupe lisilo na umbo la kusifiwa, kutoka Dodoma. Jiwe limenyamaza, picha inasema.

Malakiti ilihamia kwenye kidaka kilicho karibu na mchoro wa mkaa. Hapo ilipata jirani anayeifaa. Mchoro ni mistari myeusi juu ya karatasi, malakiti ni mistari ya kijani iliyojichora yenyewe, na jicho linatoka huku kwenda kule bila kuchoka. Mchoro haukuwekwa ndani ya kidaka. Uliwekwa kwenye fremu yenye kioo, karatasi haigusi kioo, na nyuma ya fremu vipande vya koki katika pembe nne ili hewa ipite kati yake na ukuta. Ukuta wa chokaa pwani unapumua unyevu. Karatasi iliyobanwa juu yake huota ukungu.

Zoisaiti ya Longido sikuiwekea picha yoyote. Kijani, nyeusi na nyekundu ziko ndani yake tayari, na ukubwa wake ni wa nazi. Ilipewa kidaka kirefu cha katikati, peke yake katikati ya weupe. Mgeni akiingia hudhani ni kazi ya mtu.

Kinyago cha Kimakonde, nguzo ya watu waliopandana wa mpingo, kilikuwa kimesimama kwa miaka nyuma ya televisheni. Kaka alikuwa ametuma, pamoja na vingine, kipande cha mti uliogeuka jiwe kutoka Madagaska, kimekatwa kwa upana na kung'arishwa, duara la mti limebaki na mistari yake ya umri. Hivyo viwili vikawekwa pamoja kwenye baraza ya ndani, na sikuona haja ya kuongeza kitu. Mpingo ni mti mzito hata ukiutia majini unazama. Mti wa Madagaska ni kwazi tupu iliyochukua umbo la mti. Mama huwaambia wageni waviguse vyote viwili kabla hajawaeleza kipi ni kipi.

Mzigo wa Muscat

Vitu vya kaka vilikuja na risiti na karatasi za forodha, jambo lililonifurahisha. Kulikuwa na amonaiti mbili za Madagaska, kila moja imepasuliwa katikati hadi vyumba vya ndani vikaonekana vimejaa fuwele za rangi ya asali. Wanyama hao wa baharini waliishi kiasi cha miaka milioni 110 iliyopita. Kulikuwa na bamba jeusi la Morocco, la kutoka jangwa la Erfoud, lenye visukuku vyeupe vyembamba kama mikuki. Na kulikuwa na trilobaiti, mnyama wa kale wa baharini mwenye mgongo wa pingili.

Trilobaiti nilimtilia shaka kwa sababu alikuwa kamili mno, kila mwiba mahali pake. Kwa lenzi ya mkononi tukaona vitundu vya hewa mviringo kwenye mgongo wake. Jiwe halina vitundu vya namna hiyo, resini inayo. Ulaghai huu ni wa kawaida sana katika soko la visukuku, na bamba nyingi za Erfoud nazo huwa zimeongezewa vipande ili zionekane zimejaa. Trilobaiti akapewa wajukuu, ambao hawakujali hata kidogo.

Bamba jeusi kaka alitaka liwe meza ya chai. Nilimwandikia nikamweleza: ni jiwe la chokaa, na mama yake anakirimu wageni kwa juisi ya ukwaju na ya ndimu. Tone moja likikaa usiku mmoja linaacha doa lisilong'aa, na doa hilo haliondoki kwa kufutwa. Wazo la pili lilikuwa kulitundika kama picha. Hapo kikwazo kilikuwa ukuta. Mawe ya matumbawe yana matundu na chokaa yake ni laini. Skrubu ya kutanuka inayoshika vizuri kwenye zege inaweza kuchomoka humo ikiwa imebeba uzito. Basi bamba likasimamishwa juu ya baraza ya ndani, uzito wote uko chini, na fundi wa kuchomelea akatengeneza vishikio viwili vya chuma vyembamba, vimewekewa mpira, kulizuia tu lisije mbele. Linaonekana kama mchoro mkubwa mweusi ulioegemezwa ukutani.

Amonaiti ndizo zilizotuletea jambo ambalo hatukulipanga. Kwenye ukuta wa kaskazini palikuwa na kiraka cha lipu ya saruji cha miaka ya karibuni, kimevimba na kutoa unga mweupe wa chumvi. Saruji inaziba unyevu ndani ya ukuta wa chokaa, na chumvi ya bahari ikitafuta pa kutokea huipasua. Kwa kuwa nyumba za mji huu zinaangaliwa na watu wa Mambo ya Kale, tuliuliza kwanza, kisha fundi mwashi akakibandua. Nyuma yake yakatokea mawe ya ukuta yenyewe, na kwenye jiwe moja kubwa mikunjo ya tumbawe ilikuwa wazi kama alama za kidole.

Mwamba wa matumbawe ulio nchi kavu kwenye pwani hii ni visukuku. Sehemu yake kubwa ilijengwa na viumbe hai bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo sasa, kiasi cha miaka 125,000 nyuma. Familia hii ilikuwa imeishi ndani ya kisukuku kwa vizazi, na kaka akanunua kingine ng'ambo. Nikamwomba mama ruhusa tusipige lipu upya pale. Fundi alisafisha kwa brashi, akajaza viungo kwa chokaa iliyolowekwa, akamaliza kingo kwa mstari mnyoofu, na eneo la kama sentimita 60 kwa 90 likabaki wazi, dirisha la kutazamia ndani ya ukuta. Amonaiti zote mbili zikawekwa kwenye kirafu kifupi cha mninga pembeni yake. Taa moja iko juu kabisa, imebanwa karibu na ukuta, mwanga unashuka ukiambaa juu ya mikunjo. Ukiiwasha hiyo tu usiku, kila tundu lina kivuli chake. Kitu kibichi chenye umbo kinataka mwanga wa ubavuni namna hiyo. Kilichong'arishwa, kama amonaiti, kinataka mwanga mpana wa mbali, la sivyo unaona balbu badala ya kisukuku.

Jua, unyevu, na watoto

Madirisha ya mashariki yanapokea jua kali la asubuhi. Amethisti haiwezi kukaa hapo. Zambarau yake hupauka ikipigwa na jua kwa muda mrefu, na ikipauka hairudi. Iliwekwa kidaka cha ndani kabisa. Ulanga ndio ulifaa dirishani: hauogopi jua, na mwanga ukipita ndani yake unageuka rangi ya chai. Tuliteua karatasi pana zaidi, seremala akazibana kati ya vioo viwili vyembamba kwenye fremu ya mninga, nayo imetundikwa mbele ya dirisha dogo la juu. Katika vitu vyote hiki ndicho kilichotugharimu kidogo kuliko vyote, na wageni hukiuliza zaidi.

Ile amonaiti ya dhahabu ya Mjerumani ilikuwa mgonjwa. Tulipofungua kijisanduku chake palitoka harufu ya kiberiti. Karatasi ya maelezo ilikuwa imetobolewa, kingo za matundu kahawia kana kwamba ziliunguzwa, na kwenye mikunjo ya ganda kulikuwa na unga wa kijivu. Dhahabu yake ni pairaiti, yaani chuma na salfa, na kwenye hewa yenye unyevu unaozidi asilimia 60 pairaiti huanza kuoza na kutoa asidi. Pwani yetu mara nyingi inapita kiwango hicho. Tuliipiga brashi kavu, tukaiweka kwenye mtungi wa kioo wenye kifuniko cha mpira pamoja na chembe za silika zinazobadilika rangi zikishiba maji. Mtungi uko kwenye kidaka, unaonekana kama wa duka la dawa la zamani, na nauona mzuri. Binti amefundishwa kukausha silika kwenye sufuria kavu, moto mdogo, rangi inaporudi anazirudisha. Masika iliyopita alifanya hivyo mara kadhaa. Unga wa kijivu haujaonekana tena.

Vishikio vyote ni vya waya wa shaba uliokunjwa na kufunikwa kimpira, au nta ya nyuki kidogo chini ya jiwe. Gundi hatukutumia popote. Namba za mzee zinabaki zinasomeka ukiligeuza jiwe, na daftari lenyewe liko mezani, si kwenye kioo. Mgeni anaruhusiwa kulifungua.

Wajukuu walipata sinia lao barazani nje: graniti, kwazi, naisi, mawe magumu ya kazi ya babu yao ambayo hayakupata nafasi ndani. Wanayapanga, wanayagonga, wanayamwagia maji kuona rangi zikitoka. Ndani hawagusi isipokuwa mpingo na mti wa jiwe. Kikatazo kinashika vizuri zaidi penye ruhusa karibu.

Kilichobaki

Kwa hesabu ya mwisho, vipande visivyofika 20 ndivyo vilivyo sebuleni. Vingine vimerudi masandukuni, kila kimoja kwenye karatasi yake, masanduku juu ya matofali mbali na mchwa, na madumu yamehamishwa. Kaka angetaka vionekane vingi zaidi. Aliporudi likizo alijaza vidaka viwili kwa mikono yake, na mama akavipunguza mgeni wa kwanza alipobisha hodi. Mimi niko upande wa mama. Wamekubaliana kubadilisha vipande kila baada ya Ramadhani.

Tanzanaiti bado inasubiri karatasi. Zikitoka, imewekewa kidaka cha tatu kutoka mlangoni, kwa sababu ndicho pekee kinachopata mwanga wa pande mbili, dirisha na taa. Fuwele ghafi ya tanzanaiti ni buluu ukiitazama upande mmoja, zambarau upande mwingine, na upande wa tatu inaelekea rangi ya damu ya mzee. Fundi ameshakitengeneza kishikio chake, kinachozunguka.